Maji ya Magoti ya Mama

Bafu la nyumba niliyopanga mjini, Mafiga, lilijengwa na mtu aliyeamini kwamba binadamu huoga wima. Lilikuwa na bomba la mvua, tundu la kutolea maji na nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Mama yangu, Martina, alishushwa kutoka kwetu milimani, Nyandira, mwaka tisini na tatu akiwa hawezi kukunja magoti, na daktari akasema ajiloweke mpaka kiunoni katika maji ya moto, mara tatu kwa wiki. Nikauliza ajiloweke wapi. Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Enzi hizo za ruksa kila kitu kilikuwa kinaingia nchini, hata ambacho hakuna aliyekiulizia. Sokoni, kwa muuza vitu vya kontena, nililikuta bafu la kukunja: turubai zito la bluu, fremu ya mabomba, kizibo chini. Muuzaji mwenyewe alikuwa akiwaambia watu ni la kunyweshea ng'ombe. Nililibeba kichwani, na majirani wakapata la kuzungumza wiki nzima.

Lilipoingia bafuni, mlango ukagoma kufunga. Nikatundika kanga.

"Hori la nguruwe hilo," alisema Mama.

"La kujilowekea, Mama."

"Kwani mimi maharage? Mtu anaoga maji yakipita. Nikae kwenye uchafu wangu mwenyewe?"

Hilo lilikuwa na jibu. Nilimkalisha kwanza kwenye kigoda, akajimwagia maji kwa kopo na kujisugua mpaka akaridhika, ndipo nikamshika makwapani na kumwingiza, kanga yake mwilini. Ndoo nne za moto, mbili za baridi. Ilikuwa kazi ya saa nzima kabla sijaenda ofisini, masijala, na nyingine ya kuyachota maji yale kwa kopo, maana tulipofungua kizibo mara ya kwanza tundu lilizidiwa, viatu vikaelea ukumbini. Lakini alipokaa majini alifumba macho akanyamaza, na Mama hakuwa mtu wa kunyamaza.

Alichotaka kilikuwa kimoja: apande kwao kabla hajafa, anionyeshe mipaka ya shamba. Kwetu Waluguru shamba hutoka kwa mama likaenda kwa binti, na mipaka ya shamba letu haikuandikwa popote. Mwenye shamba humtembeza mrithi kwa miguu, kutoka sale hadi sale, ile mimea ya mpakani, akimtajia jirani wa kila upande. Binti yake nilikuwa mimi peke yangu. Asipotembea, wajomba wangempa shamba mtu mwingine.

Mimi shamba sikulitaka. Nilimtaka yeye, hapo Mafiga, akinigombeza. Mume wangu alikuwa ameshafariki, watoto sikujaliwa, na kabla Mama hajaja nilikuwa nikirudi kazini nawasha redio ili nisikie mtu.

Wiki ya sita alitoka majini mwenyewe, ameshika ukuta tu.

"Mwezi ujao tunapanda," alisema.

"Mungu akipenda," nikajibu.

Tangu siku hiyo ndoo za moto zikawa tatu, halafu mbili, halafu moja. Sitajitetea. Sikuwahi kukaa chini nikaamua. Mkono tu ulikuwa unaipua sufuria ikiwa bado vuguvugu. Magoti yakaanza kukaza tena. Nikamwambia ni baridi ya Julai.

Asubuhi moja sabuni ilimponyoka ikaanguka majini. Nikaingiza mkono kuitafuta. Maji yalikuwa ya baridi kabisa, na miguu yake ilikuwa inatetemeka. Wiki mbili alikuwa hajasema neno juu ya maji, yeye aliyelalamikia chumvi ya mboga, redio ya jirani, hata urefu wa mahubiri ya padri.

"Mama, mbona husemi kama maji yamepoa?"

"Niliona mkaa umekushinda," akasema. "Ningesema, ungejinyima wewe. Nimeshakusumbua vya kutosha, mwanangu."

Nilikwenda jikoni nikalia. Sijawahi kuona haya vile maishani mwangu. Kisha nikawasha majiko yote mawili, nikabandika sufuria zote kubwa, na siku hiyo ofisini nilifika saa nne. Ukweli sikuwa na ubavu wa kumwambia.

Septemba tulipanda milimani. Shambani alitangulia yeye na fimbo yake, polepole, mimi nyuma nikihema. Penye sale la tatu nilimwambia yote: ndoo, sufuria, baridi ya Julai. Mama akasimama.

"Sale la kwanza tunapakana na nani?" akauliza.

Nilikuwa nimeshasahau.

Akageuka, akaweka fimbo yake mbele, akaanza kuteremka kwenda kunionyesha upya.