Abiria wa Gari Lisilokabidhiwa

"Maison Kalala, wauzaji wa magari mapya na yaliyotumika, mkabala na stesheni ya reli ya Kamina, inawaarifu wateja wake waheshimiwa kwamba utepe uliofungwa kwenye gari la wagonjwa lililoegeshwa uani umebadilishwa kuanzia Jumatatu, kwa sababu ule wa kwanza ulipauka kwa jua. Rangi inabaki ya buluu. Wateja wanaombwa wasiuguse."

Tangazo hilo liliandikwa na Urbain Kaumba, karani wa duka, naye alilisoma mara tatu kabla ya kulibandika langoni. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumatatu, alikuwa akiandaa ukurasa mmoja ulioitwa Habari za Maison Kalala: magari yaliyoshushwa kutoka kwenye mabehewa ya Lubumbashi, mchungaji aliyenunua pikapu, namna ya kutunza rejeta wakati wa kiangazi. Waliosubiri treni waliusoma hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa treni za Kamina humwachia mtu muda wa kusoma.

Gari la wagonjwa lilikuwa na mwezi wa kumi pale uani. Lilikwisha kulipiwa lote, na lilikuwa mali ya kituo cha afya cha Kinkondja, kwenye ziwa Kisale. Kilichongojwa ni sherehe ya makabidhiano. Tarehe ilikuwa imetangazwa mara nne na kuahirishwa mara nne. Ufunguo ulikuwa katika bahasha yenye lakiri, ndani ya ofisi ya itifaki ya serikali, ili siku hiyo mgeni rasmi aupitishe kutoka mkono wake kwenda mkono wa mganga mbele ya kamera.

Kuanzia mwezi wake wa pili pale, wagonjwa wa Kinkondja walionekana ndani yake. Mtu alipozidiwa kule ziwani kiasi cha kuhitaji gari, alikutwa amelala kwenye machela, juu ya plastiki ambayo haikuwa imeondolewa bado, katika ua wa Maison Kalala. Wa kwanza alikuwa mvuvi mwenye ngiri iliyojisokota. Alisalimu, akauliza wataondoka saa ngapi. Mafundi walimbeba ili wampeleke hospitali kwa miguu, lakini walipovuka mlango wa gari walijikuta wamebeba hewa, na mvuvi yuko tena kwenye machela, akiomba radhi kwa usumbufu. Hivyo ikajulikana kwamba wagonjwa hao wangeweza kufika popote ambako gari lingefika, na si kwingineko. Walipofariki kule, huku walitoweka, wakaacha maji ya ziwa kwenye plastiki. Urbain aliyafuta kwa kitambaa, kwa sababu mkataba ulitaka gari likabidhiwe likiwa safi. Idadi yao aliiandika katika ukurasa wa Jumatatu, chini ya kichwa "Waliopita Kwetu," kati ya aina za matairi na salamu za ndoa.

Hospitali ilikuwa mitaa minne kutoka pale, na barabara ilikuwa ya mteremko. Mwezi wa tano, alipoonekana mwanamke aliyeumwa na nyoka, mafundi walishauri gari lisukumwe tu. Urbain ndiye aliyewaelewesha. Hakuna gari linalopita langoni bila hati ya kutoka, na hati ya kutoka ina saini mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Aliyepaswa kupokea alikuwa hajapokea. Aliyasema hayo kwa upole, akamletea mwanamke yule glasi ya maji. Mlinzi wa lango, Bolingo, askari mstaafu ambaye familia yake ilikuwa ikiishi bado Base, kambi ya jeshi ya Kamina, alitakiwa kuirudia kanuni hiyo kwa sauti, akairudia bila kosa. Mwanamke alikunywa nusu ya maji.

Urbain alikuwa na mdogo wake huko Kinkondja. Talitha alikuwa mke wa muuza samaki wakavu, na mimba yake ilikuwa imetimiza miezi tisa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa kupasuliwa, na muuguzi alikwisha kumwambia kwamba wa pili asizaliwe kule. Angekuja Kamina kwa lori, lakini mvua za kwanza zilikuwa zimechukua daraja. Urbain aliiandikia ofisi ya itifaki barua tatu, akiuliza kwa heshima zote kama tarehe ya tano ingeweza kuwa ya karibu. Hakujibiwa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua ofisi yake, alizunguka nyuma ya gari akachungulia dirishani. Alipomwona mgonjwa asiyemfahamu alishusha pumzi, kisha akaona aibu.

Alhamisi ya wiki ile ya utepe, saa tatu asubuhi, alimkuta Talitha.

"Yaya," Talitha alimwita kaka yake, "mu motokari yenu muko baridi."

Akamuuliza ameanza lini kuumwa.

"Tangu jana mangaribi. Mutoto ametosha mukono inje. Mukono tu, ingine yote amekatala."

"Usitoke mu motokari."

"Nitoke niende wapi?"

Urbain aliingia ofisini, akachukua kitabu cha hati, akajaza moja kwa mwandiko wake ulionyooka. Alitia saini mahali pa anayetoa. Alikaa kama dakika moja, kisha akatia saini mahali pa anayepokea. Mafundi wanne waliondoa mawe chini ya magurudumu wakalisukuma gari hadi langoni. Lilikwenda kwa wepesi, kama kitu kilichokuwa tayari tangu zamani.

Bolingo alivaa miwani, akaisoma hati.

"Papa Urbain, hizi mbili ziko za mukono moja."

"Njo vile," Urbain alikubali.

"Weye mwenyewe njo ulinifundisha."

"Minyi njo nilikufundisha. Fungula."

"Ile mama wa nyoka, ulimupatia maji," alisema Bolingo. Hakuwa akimsuta, alikuwa akihakikisha kwamba anaikumbuka kanuni sawasawa. Akaongeza kwamba ana watoto sita huko Base, na kwamba akifungua kwa hati kama hii kesho atakuwa nje ya lango hilohilo.

"Papa Bolingo," Talitha aliita kutoka ndani, "na huyu mutoto, naye anangoya signature ya pili?"

Fundi mmoja alicheka. Mafundi wanne wangeweza kumshinda mlinzi mmoja. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze.

Mama Sylvie Kalala, mwenye duka, aliitwa. Alikuwa mtu wa kanisa na mwenye huruma, na alimshika Talitha kichwani akamwombea sala fupi. Kisha akamweleza Urbain kwamba saini ya kughushi ingelifungia duka milele, akapiga simu itifaki. Walimjibu kwa adabu. Mkuu alikuwa mkutanoni, na jambo hilo lingejibiwa kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa kuwa lilionekana kuwa la haraka.

Urbain alisimama mlangoni mwa gari, mkono mmoja ndani. Talitha aliushika. Alizungumza kidogo: kwamba mtoto wake mkubwa amekwisha kujua kuhesabu hadi mia moja kwa Kifaransa, na kwamba mumewe hajui kuosha nguo. Baada ya saa sita mchana hakuzungumza tena. Saa nane mchana mkono wa Urbain ulibaki umeshika unyevu. Dakika kumi baadaye shemeji yake alipiga simu kutoka Kinkondja, naye akasikiliza hadi mwisho jambo alilokuwa akilijua.

Akachukua kitambaa, akafuta plastiki. Mafundi walilirudisha gari mahali pake na kuweka mawe.

Saa kumi, tarishi wa pikipiki alileta jibu lililoahidiwa, likiwa na mhuri, pamoja na agizo kwamba lichapishwe katika ukurasa wa Jumatatu ijayo. Urbain aliketi kwenye mashine na kulinakili neno kwa neno, kama alivyonakili kila kitu:

"Ofisi ya Itifaki, baada ya kusoma Habari za Maison Kalala na kuthibitisha humo kwamba gari la wagonjwa la Kinkondja limekwisha kupokea abiria thelathini na mmoja, inaamua:

Kifungu cha 1. Gari linahesabiwa kuwa limo kazini tangu abiria wa kwanza.

Kifungu cha 2. Sherehe ya makabidhiano, kwa kukosa sababu, imefutwa.

Kifungu cha 3. Ufunguo, uliotengwa kwa ajili ya sherehe, unabaki katika kumbukumbu za ofisi.

Kifungu cha 4. Kinkondja inaondolewa katika orodha ya vituo visivyo na gari la wagonjwa.

Uamuzi huu unaanza kutumika leo."