Rizho na Jirani Genka

Rizho alikuwa mbwa wa kumi na mbili niliyemchukua kutoka kituo cha mbwa wazee waliotupwa. Wale kumi na mmoja walinifia mikononi, na kila mmoja, akivuta pumzi ya mwisho, alinitazama mimi. Nakiri kwamba hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta.

Rizho hakunitazama. Nilimpondea wali na kuku, nikambeba kwenye ngazi, nikamfuta mkojo. Kila asubuhi alijikokota hadi kwenye uzio kumngoja jirani yangu Genka, mtu asiyependa hata mbwa.

"Dada Nedyalka, huyu wako ananingoja kama mchumba," Genka alicheka, akimpa mkate uliochovywa kwenye mtindi.

"Tumbo lake bovu. Usimpe."

"Mbona anameza? Wewe unampa chakula cha hospitali."

Daktari wa mifugo aliposema zimebaki siku chache, nilikwenda kuchapisha tangazo la kifo, kama yale tunayobandika milangoni watu wakifa. Chini, penye majina ya wafiwa, niliandika langu peke yake. Nikaliacha mezani jikoni, na Genka alipoleta mtindi akalikuta.

Alilisoma polepole.

"Bado anapumua, nawe umeshamzika."

"Najiandaa."

"Na mimi simo."

"Si ulisema hupendi mbwa?"

"Mbwa siwapendi. Huyu nimemzoea."

Akaondoka na mtindi wake. Siku tatu hakukanyaga kwetu. Rizho akakataa chakula, akalala penye uzio, pua kaielekeza mlangoni kwa Genka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata ule mlango.

Alhamisi daktari alikuja na sindano ya kumpumzisha. Rizho alitetemeka, akawa anauvuta mguu kila ukiguswa.

"Hakuna mtu mwingine aliyemzoea?" daktari aliuliza.

Ningeweza kusema hakuna. Nikaenda kwenye uzio.

"Genka. Njoo."

Alikuja na unga mikononi, akaketi chini bila kuniuliza kitu. Rizho akamwekea kichwa mapajani, na kutetemeka kukaisha.

"Sogea huku basi, akuone," Genka alininong'oneza.

"Anaona anachotaka. Wewe mpapase."

Kutoka nilipokaa niliona kisogo cha Rizho tu na masikio mawili. Nilishika mguu wenye sindano, nikaushika vivyo hivyo mpaka daktari aliponiambia naweza kuuachia.