Taa Iliyokuwa Mbele Yetu

Nilipowaambia kwamba taa ya sinema ilikuwa mbele yetu, shemeji yangu alicheka.

"Shemeji," akasema, "kama taa ilikuwa mbele, picha ilikuwa wapi? Mgongoni?"

Watu wakacheka naye. Shemeji ni mtani wangu tangu nilipoolewa na kaka yake, na siku akikosa wa kumtania hupatwa na homa. Mtaani wanamwita Wembe, kwa kuwa alikuwa kinyozi mpaka mikono ilipoanza kumtetemeka na wateja wakaanza kukaa huku wameziba masikio. Nami nilitabasamu, lakini lilikuwa tabasamu la midomo tu. Binti yangu alikuwa ameketi karibu nami, mkoba mapajani, na hakucheka. Aliniangalia vile anavyowaangalia wagonjwa kwenye dirisha la duka lake la dawa, wale wanaoapa kwamba wamemeza vidonge vyote na huku pakiti imejaa.

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na ufunguo wa nyumba yangu.

Aliuchukua wiki ile, baada ya kukuta sufuria yangu imeungua jikoni hadi kitako kimekuwa chekundu, na mimi niko uani nashona kifungo. "Mama, tuangalie kwanza," aliniambia. "Nikiona uko sawa, utarudi kwako. Nikiona kichwa kimechoka, utakaa kwangu, na ile nyumba tutaipangisha." Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Nyumba yangu ni ya vyumba viwili, cherehani iko dirishani, mlango wa mbele lazima uuinue kidogo ndipo ufunguke. Mpangaji asiyejua kuuinua angeuvunja siku ya kwanza.

Basi ndiyo maana nilikwenda kwenye mkutano ule wa sinema nikiwa nimejipanga. Jumba letu la zamani lilikuwa linataka kuuzwa kwa tajiri mmoja afanye ghala la matairi. Wazee wa mtaa waliunda kamati kulizuia. Msichana mmoja mchoraji wa ramani za nyumba, ambaye sisi tunamwita Injinia ingawa yeye husema siye, akaja kutusaidia. Alisema wakubwa wamekubali kulipatia jumba nafasi, mradi likarabatiwe lifanane na lilivyokuwa, si kama mtu anavyojitungia. Kwa hiyo akatuketisha humo humo ukumbini, akaweka simu yake katikati inase sauti, akatuuliza kila mtu anakumbuka nini.

Wenzangu walikumbuka vizuri kweli. Dirisha la tiketi lililokuwa dogo hata humwoni muuzaji, unaona kucha zake tu. Sakafu ya saruji iliyoteremka, mtu akiangusha chupa ya soda kule nyuma, ukumbi mzima unaisikiliza ikibiringika chini ya viti mpaka igonge mbele kabisa, na hapo watu wanapiga makofi. Na ule mwali wa taa ukipita juu ya vichwa vyao na moshi wa sigara ukicheza ndani yake.

Zamu yangu ikafika. Nikaeleza nilivyoona, kwa utaratibu. Sakafu ilikuwa ya mbao. Kulikuwa na kamba nene zinaning'inia, na sisi watoto tulikaa juu ya makasha. Pazia la picha lilinuka sabuni, na siku za joto lilitudondoshea maji. Taa ilikuwa mbele yetu, ng'ambo ya pazia, imetukabili kama mwezi. Steringi, yule shujaa wa picha, alikuwa wa mkono wa kushoto. Maandishi ya kwenye picha yalikuwa ya kigeni kabisa, hata nilipoanza shule sikuyaona tena popote. Na picha zenyewe zilikuwa zinajicheka. Mtu akianguka kwenye picha, picha inaangua kicheko, tena kicheko cha watu wengi.

"Steringi wa kushoto?" Wembe akasema. "Yule? Yule alikuwa anachomoa bastola kwa mkono wa kulia, mtaa mzima tukimuiga. Shemeji, wewe uliangalia sinema au uliota?"

"Hapa hapajawahi kuwa na mbao, bibi," Injinia akasema taratibu, kana kwamba ananiomba radhi. "Saruji hii ni ya tangu mwanzo. Na mbele kuna ukuta, hakuna nafasi."

Nikatazama. Kweli, mbele kulikuwa na ukuta mpana uliopakwa chokaa nyeupe, umepasuka na kuinama kidogo. Saruji chini ya viatu vyangu ilikuwa imechakaa, haiwezi kuwa ya juzi. Nilikaa chini bila kumaliza. Binti yangu akanishika kiwiko.

Nyumbani kwake sikulala vizuri, lakini si hilo la kusimulia. La kusimulia ni kwamba asubuhi niliamka nikaanza kuitilia shaka mikono yangu, upi wa kulia na upi wa kushoto. Nikaivaa kandambili, nikaivua, nikaitazama kama imekaa mguu wake. Binti yangu akaniuliza leo siku gani, nikamjibu. Akaniuliza mtoto wake wa mwisho anaitwa nani, nikamjibu na jina la daktari aliyemzalisha nikamwongezea, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisahau. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Ila sinema tu, hiyo ilikuwa imekaa upogo, na kila nikijaribu kuinyoosha inazidi kupinda.

Kilichoniuma kilikuwa shangazi. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama, na yeye ndiye aliyekuwa akinipeleka sinema. Alikuwa mfuaji wa pale. Alilifua pazia, akalianika, akalitundika tena na kulivuta kwa kamba lisibaki kunyanzi hata moja, na siku za joto alilirushia maji kupoza hewa. Picha yake iliyo kichwani mwangu ni moja: amekaa kwenye kasha pembeni yangu, mikono imevimba kwa maji, na ile taa ya mbele imempiga usoni mpaka naona vinyweleo vya shavuni. Karatasi yenye sura yake hatukuwa nayo. Sasa kama taa haikuwa mbele, uso ule niliuona kwa mwanga gani? Au nao niliutunga?

Hilo sikumwambia binti yangu. Angeandika dawa.

Mtu angeweza kuniuliza kwa nini sikurudi kuangalia baadaye. Shangazi aliugua, tukahamia kwa ndugu mbali na pale nikiwa bado mdogo. Niliporudi mtaa huu nilirudi kama mke wa mtu, na marehemu mume wangu hakupenda giza lenye watu. Jumba likaja likafungwa, likawa la kupitia tu nikienda sokoni.

Mara ya pili tulipoitwa, Injinia alikuwa na habari. Ule ukuta mweupe ulikuwa hatari, mafundi wameuangusha. Aliona haukuwa wa zamani kama jumba, matofali yake ni ya namna nyingine. Nyuma yake kumeonekana uwazi wenye takataka, lakini hajapata muda wa kuuchunguza. Kwa siku ile alikuwa ametundika shuka kubwa mahali pa ukuta, na amepata mashine na mkanda mmoja mbovu-mbovu wa picha ya zamani, ajaribu kama mwanga unafika. Ilikuwa mchana. Mafundi wakaziba madirisha kwa mablanketi.

Tuliketi kwenye viti vya chuma. Wembe akajiweka kushoto kwangu, binti yangu kulia. Nikasikia mashine ikikereza nyuma yetu, kule juu, na mwali ukapita vichwani mwetu kama walivyosema. Picha ikatokea mbele.

Sijui nieleze vipi. Ni kama kuingia nyumba ya jirani iliyojengwa kama yako lakini jiko liko upande mwingine, unanyoosha mkono kuchukua kikombe unashika ukuta. Steringi alitokea na kofia yake. Nilimjua na sikumjua. Alama yake ya shavuni ilikuwa imehamia shavu la pili. Alipochomoa bastola kwa mkono wa kulia, Wembe alinigusa na kiwiko.

"Umeona, shemeji? Au leo amebadilisha mkono kwa heshima yako?"

Kichwa kikanizunguka. Nikasimama.

"Mama, unakwenda wapi?" Binti yangu alikuwa ameshanishika mtandio.

"Hapo nje tu. Nipate hewa."

Akaniachia, lakini niliyasikia macho yake mgongoni. Nilitoka kwa mlango wa ubavuni, nikatembea kando ya ukuta wa nje. Kulikuwa na bomba la maji lililokatika, na sakafu ndogo ya kufulia yenye mteremko, imeota kijani. Sikuwa nafikiri kitu. Nilikuta mlango mfupi, nikainama kabla sijaona kwamba ni mfupi. Miguu ikapanda ngazi za mbao, kisha ikawa inakanyaga mbao, zinalia chini yangu, na vipande vya tofali vimemwagika juu yake.

Mbele yangu lilikuwa shuka, na ng'ambo ya shuka ilikuwa taa, imenikabili.

Nikakaa juu ya mfuko wa saruji wa mafundi. Steringi alikuja na kofia yake, alama iko pale ninapoijua, akachomoa bastola kwa mkono wa kushoto. Adui akaanguka. Na picha ikacheka, kicheko cha watu wengi, na katikati yake nikalisikia koo bovu la Wembe.

"Mama?" Sauti ya binti yangu ilikuwa nje, kisha mlangoni. "Mama, uko wapi? Mama." Nikasikia kichwa chake kikigonga kizingiti.

"Inama," nikamwambia.

"Nimeshagonga." Akaja akipapasa. "Umenitisha. Unafanya nini kwenye vifusi?"

"Kaa."

Alitaka kubisha, kisha akakaa kwenye ncha ya mfuko, mkoba mapajani. Nikageuka kumtazama. Taa ilikuwa imempiga usoni. Nikaona vinyweleo vya shavuni mwake, na kidevu ambacho sikuwahi kujua amekitoa wapi. Nikamtazama mpaka akaniuliza nina nini.

"Yasome yale maandishi," nikasema, maana yalikuwa yametokea.

"Hayasomeki. Yamegeuka." Akatazama shuka, akatazama kamba kuukuu iliyobaki inaning'inia kwenye boriti, akatazama mbao. "Mama. Nyinyi mlikuwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

Sikuwa namtania. Sikuelewa.

"Nyuma ya pazia. Shangazi yako alikuwa mfuaji, aliwaingiza kwa mlango wake. Watu wengine wote walikuwa kule."

"Kwetu sisi," nikamwambia, "kule ndiko kulikuwa nyuma." Na hata nilipokuwa nasema, nilikuwa bado nalipima. Utoto mzima nilicheka pamoja na ukumbi uliojaa watu, na sikujua kwamba wapo.

Mkanda ukakatika, taa ikabaki nyeupe tupu. Wakaja wote, Injinia kwanza na simu yake, kisha Wembe akishikilia ukuta na kulaani ngazi. Binti yangu ndiye aliyewaeleza, na alieleza kwa haraka, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe. Wembe hakucheka. Alitazama chini ya shuka, pale lilipoishia bila kufika sakafuni.

"Tulikuwa tunaona vidole vya miguu," akasema. "Hapa chini ya pazia. Vidogo-vidogo, vinacheza. Tuliambizana ni majini ya sinema. Mimi nililipia kiingilio nikakaa nimefumba macho kwa ajili ya vidole vile." Akanigeukia. "Kumbe jini lenyewe kaka yangu alikuja akalioa."

"Na likakupikia," nikasema.

"Likaunguza sufuria."

Binti yangu akainama kutazama mkoba wake. Injinia alikuwa amepiga magoti anafuta vumbi kwenye mbao kwa kiganja, anazihesabu au anaziomba, sijui. Akasema kwenye ramani yake alikuwa ameandika ukuta ujengwe upya papo hapo, na sasa atauondoa. Kama wakubwa watakubali, bado hatujui. Yule wa matairi naye hajakata tamaa, juzi amepita na futi ya kupimia.

Tulirudi jioni kwa miguu. Kwenye njia panda ya kwake na kwangu, binti yangu alipita ya kwangu. Tulipofika mlangoni akafungua mkoba.

"Ile sufuria, mama," akasema.

"Sufuria niliisahau. Hiyo ni kweli, usiitafutie pazia."

Akafikiri. "Nitakuja kila siku nikifunga duka."

"Njoo. Utakuta chai."

Akanipa ufunguo. Nikautia tunduni, na kwa kitambo, baada ya yote yale, sikujua niuzungushie upande gani. Steringi wa kulia na steringi wa kushoto walikuwa wote wawili kichwani wananisubiri, na mpaka leo sijui yupi ndiye yeye. Binti yangu alisimama nyuma yangu, nikasikia pumzi yake, lakini hakunyoosha mkono.

Nikauinua mlango kidogo, kama kawaida, na kiganja kikazunguka chenyewe.