Kidonda cha Juu na Kidonda cha Chini

Nguzo ya boma la Wadachi hapo Matema ilimporomokea Nsajigwa alipokuwa akiichonga kwa shoka lake, ikamchana mguu mahali pawili: chini ya goti na karibu na kifundo. Vidonda vikaanza kunuka. Daktari wa Kidachi, ambaye watu walimwita Bwana Mganga, aliiamini dawa moja tu kwa moyo wote: msumeno.

"Mke wa mwanangu analijua jani la kuponya vidonda," Nsajigwa alisema.

"Basi aje alipake mbele yangu, asije akanidanganya."

Nsajigwa alicheka hata mguu ukauma. Tangu lini mkazamwana akamsogelea baba mkwe? Tangu aolewe, Angetile hajamtazama usoni wala kutaja jina lake. Akimsikia njiani huingia migombani. Mzungu huyu amekaa hapa miaka minne akipima vichwa vya watu kwa chuma, na hili halijui!

"Mganga anayemkimbia mgonjwa!" Bwana Mganga alibeza, akaandika.

Mwishowe wakakubaliana. Kidonda cha juu kipakwe marhamu ya Kidachi, cha chini jani. Angetile atatwanga huko migombani, mumewe Lutengano alete kwenye kigae cha chungu. Visipopona vyote viwili siku ya nane, mguu unakatwa.

Siku ya nane cha chini kilikuwa kimefumba. Cha juu kilitoka usaha hata nzi walikisusa.

Bwana Mganga alivuta ndevu. "Naam. Marhamu yangu imetiririka, imeponya huko chini."

"Na huko ilikotoka imepasahau?" Lutengano aliuliza.

"Kimya! Cha juu hakijapona. Tunakata."

"Niruhusu nacho nikipake jani," Nsajigwa alisema.

"Hapana! Utaniharibia jaribio."

Nsajigwa alimtazama kama mtu anavyomtazama mbuzi aliyepanda paani. Akakwapua kigae, akajiburuta hadi uani, akaifuta marhamu kwa jani la mgomba, akajipaka mwenyewe mbele ya askari na watu wote. Askari walimtazama bwana wao. Bwana wao alitazama kidonda kilichopona, asitoe amri.

"Lutengano," mzee alisema kwa sauti, "mwambie mwenye jani: ndaga, asante."

Migomba ikatikisika.

Mwezi ulipoandama, Nsajigwa alirudi kwa miguu yake miwili kuchukua shoka lake. Bwana Mganga aliukagua mguu, akafungua kitabu.

"Ajabu," alisema akiandika. "Kumbe marhamu yangu hupanda pia."