Nusu ya Pili

Jicho la tatu lilikataa kukutana na mwenzake. Otilia alilaza nusu ya blanketi aliyoifuma marehemu mumewe ubavuni mwa ile iliyokuwa bado kwenye kitanda chake cha kufumia, akazisogeza zigusane, akapima. Jicho la kwanza lilikaa sawa, la pili vilevile, marembo mekundu ya umbo la jicho kwenye sufu ya kijivu. La tatu la upande wake lilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili. Akashusha pumzi, akaanza kufumua kwa mara ya nne.

Vitanda vya kufumia vya bonde lile ni vyembamba. Blanketi la kitanda cha watu wawili hufumwa nusu kwa nusu, kisha huungwa katikati kwa sindano, na hapo kwenye mshono ndipo mfumaji anapojulikana. Marehemu Crispín mishono yake ilikuwa haionekani. Humo nyumbani mablanketi yake yalizagaa kila mahali: moja limening'inia mlangoni kuzuia upepo, jingine juu ya benchi la wageni, na lililokongoroka kabisa limekunjwa chini ya jiwe la kusagia lisiteleze. Lile la maharusi ndilo aliloliacha nusu. Nereida, binti yao wa pekee, alikuwa aolewe Jumamosi, na msichana wa pale hatoki kwao bila blanketi la baba yake.

"Shemeji," sauti ilisema langoni, "hata amekufa bado mnagombana?"

Alikuwa Abundio, mdogo wake Crispín, naye mfumaji, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Kaka yako ndiye mkaidi," Otilia alijibu bila kugeuka. "Nahesabu nyuzi themanini kama yeye, mimi jicho linatoka fupi."

"Unashindilia mno. Mkono wako mzito."

"Mkono huu umekulisha miaka thelathini, na hujawahi kulalamikia uzito wake."

Abundio alicheka. "Basi ongeza nyuzi. Tia tisini, urefu utalingana."

Alitia tisini. Urefu ulilingana, lakini upande wake ulikakamaa kama ngozi mbichi na wa Crispín ukanywea kando yake. Ukiunganisha vitu viwili vya namna hiyo mshono unajikunja, na mtu akilala anahisi kama amelalia kamba. Otilia akafumua tena, safari hii huku akimlaumu marehemu kwa sauti. Lipi lilimshinda mtu huyu, aliyesifika kwamba ungeweza kuchotea maji kwa blanketi lake?

Kwa hasira ile aliyafumba macho yake na kuipitishia kiganja nusu ya mumewe, toka mwanzo hadi mwisho. Macho mawili ya kwanza yalikuwa yameshiba. La tatu lilikuwa laini kidogo. La nne laini zaidi. Alipofika la saba, la mwisho, ncha ya kidole ilipenya katikati ya nyuzi. Alihesabu. Zilikuwa themanini, hakuna hata moja iliyopungua. Hesabu ilikuwa kamili. Kilichopungua ni nguvu ya kuushusha ule ubao wa kushindilia nyuzi.

Otilia aliketi chini. Jicho la tatu alilikumbuka vizuri, maana lilifumwa Januari, wiki ya sikukuu ya Mtakatifu Sebastiano, na tangu siku hizo Crispín alianza kupenda redio ipigwe kwa sauti ya juu. Nusu ambayo zamani angeimaliza kwa wiki tatu ilimchukua hadi Juni. Yeye Otilia, jikoni, mikononi ana tortilla, mikate ya mahindi, alikuwa akimpigia kelele: "Crispín! Kitanda kimelala au ni wewe uliyelala?" Naye akijibu, "Nakipumzisha, mke wangu, kimezeeka." Wakacheka wote wawili. Ugonjwa ulipomwangusha Julai, watu wakasema umemchukua ghafla.

Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni. Kisha akaona hasira, akainuka na kwenda kwa Abundio moja kwa moja.

"Ulijua?"

Abundio alivua kofia. Hakuuliza ni kujua nini.

"Aliniapisha, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu Januari. Kifua. Redio ilikuwa ya kuficha kikohozi. Alisema ukijua utamtoa kwenye kitanda cha kufumia, na blanketi la Nereida halitafumwa."

"Ningemtoa kweli!"

"Ndiyo. Na yeye alijua."

Otilia alilia hapohapo mlangoni mwa watu, bila kujifunika uso. Abundio alimwacha alie mpaka akatulia.

"Sasa utafanyaje?" aliuliza.

"Nitamfuata."

"Upande ule utachakaa upesi."

"Uchakae."

Kumbe kuufanya mkono wenye nguvu uwe dhaifu ni kazi kubwa. Jicho la tatu alilifuma akiwa ameuegemeza tu ubao badala ya kuupiga, na likakutana na mwenzake. La nne pia. Katika la tano alishika ubao kwa mkono mmoja. Katika la sita aligundua kwamba kila baada ya nyuzi kumi kulikuwa na mstari mwembamba, kama ukucha uliopita juu ya sufu. Hapo ndipo Crispín alipokuwa akisimama avute pumzi. Otilia naye akawa anasimama hapo, anavuta pumzi, anaendelea. Redio hakuiwasha. Alimsemesha mumewe kama mtu anavyomsemesha aliyekaa upande wa pili wa meza, na mara nyingi alimwomba radhi. Nyuzi kumi za mwisho alizifuma asubuhi nzima, kwa kuwa hakutaka ziishe.

Ijumaa aliunga zile nusu. Macho yote saba yalikutana.

Nereida alilitandika blanketi juu ya kitanda, akavua viatu, akajitupa juu yake kama alivyokuwa akifanya utotoni. Kisha akajifunika.

"Mama, upande huu mbona laini hivi? Huu ndio wa miguuni?"

Otilia alikuwa anakunja nguo za bintiye. Alikuwa na jibu jepesi tayari ulimini, kwamba mama yako si mfumaji hodari, na lingetosha. Aliziweka nguo chini, akaja kuketi ukingoni mwa kitanda.

"Wa kifuani, mwanangu. Jivutie juu. Hapo baba yako alikuwa amechoka."

 Kidole cha Nereida kilitua kwenye jicho la mwisho, kikakaa. Halafu kikaanza kurudi nyuma juu ya mshono, jicho baada ya jicho, taratibu, kikitafuta baba alipoanzia kuchoka.