Filimbi ya Mwenye Njaa

Mama wa hoteli alitaka viti vya matete vya kujaza baraza yake yote, na mimi nikasema "hamna shida" kabla hajamaliza kuongea. Ndivyo nilivyo. Mdomo unatangulia, kichwa kinakuja na basi la jioni.

Shida ilikuwepo. Bonde letu tunalikata kwa zamu: upande mmoja unakatwa, wa pili unalala. Ule wa kukata ulikuwa umebaki na vijiti vya kuchokonolea meno. Uliolala, matete manene, marefu, yananicheka kila nikipita kwenda kibandani kwangu kusuka viti.

Ukoo wetu uko bondeni tangu zamani, mji ndio umetufuata. Neno la kufungua analo shangazi. Kikao kilikuwa sebuleni kwake, watu wamebanana kwenye makochi.

"Shangazi, tufungue," nikasema. "Matete si watu. Hayachoki."

"Wewe shule ulichoka darasa la ngapi vile?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Binamu yangu, fundi baiskeli, akajipiga mapaja.

"Mizizi haijakaza," shangazi akasema. "Tukikata sasa, mvua itabeba udongo, na nyumba zenu zitafuata. Kuna anayetaka kukata kuliko huyu?"

"Hakuna!"

Basi akanivika filimbi ya mlinzi. Kwetu upande uliolala analinda yule mwenye njaa nao kuliko wote. Nikaona hawa wazee wamechanganyikiwa. Kesho yake nikanoa panga, nikashuka bondeni.

"Mlinzi, habari za kazi?" mke wa binamu akaniita toka dirishani.

"Na hilo panga?" akadakia jirani aliyekuwa anaanika nguo.

Hapo ndipo nikaelewa. Tete moja likipungua, hakuna atakayeuliza ni nani. Mtaa mzima unanijua. Nikakaa kwenye jiwe, nikajifanya nakata kucha kwa panga.

Watu wa maliasili waliwahi kuweka kibao cha "Usikate" pale. Kiliibiwa wiki ileile. Ilikuwa mbao nzuri.

Siku chache mbele, mama wa hoteli akaja na pikapu na vibarua wawili.

"Ulisema hamna shida. Si haya hapa?"

"Yamelala, mama."

"Nitayaamsha. Vijana, kateni!"

Nikapuliza filimbi mpaka masikio yakaziba. Madirisha yakafunguka, binamu akaja mbio na spana mkononi, shangazi nyuma yake na ndala mguu mmoja. Vibarua wakarudi kwenye pikapu wenyewe.

"Basi nanunua vya plastiki," mama wa hoteli akasema.

"Nunua," nikamjibu, na iliniuma kama jino.

Akanunua kweli. Vyeupe. Nikipita pale nageuza shingo.

Mvua zikaja, zikapita, udongo ukabaki, na nyumba zetu pia. Siku ya kufungua, mlinzi ndiye anayekata wa kwanza, halafu anachagua wa kulinda upande unaoingia kulala. Nikakata mzigo mrefu kuliko mimi. Nyuma yangu nikamsikia binamu anamnong'oneza shangazi: ule upande unaoingia kulala bado una matete kidogo, tungemalizia tu, kuna mteja anataka uzio...

Sikumwacha amalize. Nikamvika filimbi.

"Mimi? Mimi nimeuliza tu!"

"Hata mimi niliuliza tu," nikamwambia. "Na panga lako acha nyumbani, mkeo anakuona toka dirishani."