Kata Kitundu

Nambooze aliacha shule juma lile lile desimali zilipofika. Zenyewe ziliingia kwa mlango, naye akatoka kwa mlango huo huo. Kwa hiyo Mwalimu Kiggundu alipomwomba awafundishe watoto nusu na sehemu za kumi kwa kazi ya mikeka, mtu mwenye akili angekataa. Lakini Jumamosi mchumba wa dada yake angekuja kutambulishwa. Shangazi yao, Ssenga, alitaka mkeka mpya wa kukalia mbele ya wageni, na mikono ya watoto ni mingi. Akakubali, akajiambia ni kwa ajili ya elimu.

Akaja na kili zote alizokwisha kusuka, ile mikanda ya kushonwa pamoja iwe mkeka, kila moja ndefu mara mbili ya mkeka. Akawagawia watoto pamoja na mikasi. Kisha, kwa kuwa macho ya watoto humtisha kuliko fahali, akaugeukia ubao.

"Kila mtu akate kitundu," akauambia ubao, akaandika 0.5, ile nukta akiikoleza kana kwamba wanafahamiana.

Kwa Kiganda kitundu ni nusu. Kitundu pia ni kipande chochote kile. Alipogeuka, huyu alikuwa na kipande cha urefu wa mkono, yule wa kidole.

"Jamani! Mmefanya nini?"

"Kitundu, nnyabo," wakamjibu kwa adabu.

"Na hiki nacho ni kitundu?"

"Changu kidogo, mie sina tamaa," alisema Babirye, darasa likaangua kicheko.

Mkeka wa Ssenga ulikuwa umekwisha kabla ya kuanza. Nambooze akakaa sakafuni. Akagawa ukili mmoja uliosalia mzima sehemu kumi kwa chaki, uwe kipimo.

"Mkeka unataka sehemu tano. Mwenye tatu amtafute mwenye... tatu."

"Hiyo sita, nnyabo!"

"Nilikuwa nawapima," akasema, jasho likimtoka.

Wakaungana, wakabishana, wakashona.

Jumamosi Ssenga aliupapasa mkeka. "Umeshonwa na nani, panya?"

"Na watoto wa shule, Ssenga."

"Mh! Wageni wako mlangoni. Njoo ukae hapa, ufunike hapa panapofumuka. Na usithubutu kusogea!"

Ndivyo Nambooze, aliyekusudia kushinda jikoni, alivyokaa mbele ya ukoo mzima wa bwana harusi hadi jioni, akifunika sehemu mbili za kumi, labda tatu.